Masanduku Yaliyomshinda Polisi

Haya wajukuu, sogeeni. Leo twende Catalonia, kaskazini-mashariki mwa Uhispania, uliko mji wa Barcelona mnaoujua kwa mpira. Wana lugha yao, Kikatalani, na kila tarehe 11 Septemba hukumbuka mwaka 1714, Barcelona ilipotekwa na majeshi ya Mfalme Felipe V. Ndiyo, sikukuu yao ni ya kushindwa!

Mwaka 2017 serikali ya jimbo iliitisha kura ya maoni: tujitenge tuwe jamhuri, au tubaki? Serikali kuu ya Madrid ikakataa katakata, kwani katiba ya 1978 inasema Uhispania haigawanyiki. Mahakama ya Katiba ikaizuia kura, polisi wakaanza msako. Karatasi za kura walizikamata ghalani, karibu milioni 10. Lakini masanduku, wapi! Yalikuwa ya plastiki, yametengenezwa China, yakapitia Ufaransa. Watu wa kawaida tu wakayavusha mpaka kwa magari yao na kuyaficha kimyakimya. Polisi wa kuongeza nguvu walipofika, baadhi yao walilazwa kwenye meli bandarini Barcelona, nayo ubavuni imechorwa katuni kubwakubwa, yule ndege wa manjano Tweety akiwemo. Watu walicheka hadi ikabidi michoro ifunikwe maturubai.

Tarehe 1 Oktoba hakuna aliyecheka. Wazazi walikuwa wamekesha mashuleni ili vituo visifungwe. Alfajiri masanduku yakatokea. Polisi nao wakaja, wakavunja milango, wakacharaza watu virungu, wazee kwa vijana.

Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 90. Msishangilie bado: waliojitokeza ni kama asilimia 43 tu. Wengi wa waliopinga walibaki nyumbani, kwa kuwa hawakuitambua kura yenyewe. Timu moja ikiingia uwanjani peke yake, hata ifunge mabao kumi, hiyo ni mechi? Ila virungu vile navyo, kwangu, vilikuwa upumbavu. Vilimpa hasira hata asiyetaka kujitenga. Carles Puigdemont, rais wa jimbo wakati ule, alikimbilia Ubelgiji kukwepa mashtaka. Viongozi tisa wa harakati hizo za kujitenga walihukumiwa vifungo mwaka 2019, wakasamehewa 2021.

Sasa tazameni Scotland, nayo ilipopiga kura ya kujitenga na Uingereza miaka mitatu kabla ya hayo. Serikali ya Uingereza huko London na ya Scotland huko Edinburgh zilikubaliana kwanza: swali moja, na atakayeshindwa akubali. Hata wenye miaka 16, rika lenu, walipiga kura. Asilimia 55 walisema hapana. Alex Salmond, aliyeongoza kampeni ya kujitenga, kesho yake akatangaza kujiuzulu, wala hakuna aliyemshtaki kwa kuitisha kura ile.

Lakini msiwape London sifa zote. Serikali ya Scotland ilipotaka kuuliza tena, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwaka 2022 kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura hiyo bila idhini ya London. Na idhini haijatoka.