Vidonge vya presha ya mapafu: mgonjwa asiviache kwa haya wala kwa sababu ya funga

SWALI: Mke wangu ana maradhi ya skleroderma na sasa ameambiwa ana presha ya mapafu. Ameandikiwa sildenafili mara tatu kwa siku. Jamaa wanasema hiyo ni dawa ya nguvu za kiume, na mwanamke haimfai. Na Ramadhani inakaribia. Tufanyeje?

JIBU: Himdi zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika skleroderma na lupasi, kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa, kuta za mishipa midogo ya mapafu hunenepa na njia ya damu hubana. Moyo, upande wa kulia, husukuma kwa nguvu mpaka ukachoka. Mgonjwa hukatika pumzi akipanda ngazi, na miguu huvimba. Hii si presha inayopimwa mkononi; hiyo huenda ikawa sawa kabisa.

Sildenafili huilegeza mishipa hiyo. Ni kweli ilianza kuuzwa mwaka 1998 kwa jina la Viagra, lakini mwaka 2005 iliidhinishwa Marekani na Ulaya kutibu mapafu, kwa wanaume na wanawake. Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 mara tatu kwa siku. Haiamshi matamanio. Basi hapana aibu hapo, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu. La kuogopwa ni kuichanganya na dawa za nitrati, zile za maumivu ya kifua. Presha ya mwili huweza kuporomoka ghafla.

Wengine huongezewa bosentani. Hii huweza kuathiri ini, hivyo damu hupimwa kila mwezi, na humdhuru mtoto tumboni. Tena mimba yenyewe, kwa mwenye maradhi haya, ni hatari kwa uhai wa mama. Kwa hiyo inajuzu mume na mke kuzuia mimba kwa kushauriana na daktari, kwani bosentani hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango.

Ama funga, kumeza kidonge mchana kunaibatilisha. Lakini Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Asiache dawa, wala asikusanye vidonge vya kutwa nzima akavimeza usiku kwa rai yake. Kuacha ghafla kunaweza kumzidishia maradhi. Amuulize daktari kabla ya Ramadhani. Ipo tadalafili, inayomezwa mara moja kwa siku, lakini kubadilisha ni kwa uamuzi wa daktari. Akiambiwa asifunge, na maradhi hayatarajiwi kupona, atatoa fidya ya kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku, wala hana kadhaa.

Nanyi jamaa, msimtie haya mgonjwa. Mkumbusheni saa ya dawa.

Wallahu aalam.