Mnara Umesimama, Mtandao Bado

Mradi wa mawasiliano vijijini huanzia kwenye ramani. Juu yake huchorwa miduara yenye rangi, kila mduara ukionyesha eneo litakalohudumiwa na mnara mmoja, na pembeni huandikwa idadi ya watu watakaofikiwa. Ramani hizo si za uongo. Wahandisi huzichora kwa kuzingatia mwinuko wa ardhi, urefu wa mnara na masafa yatakayotumika. Ila humhesabu mtu kuwa amefikiwa pale mawimbi yanapofika alipo, na mawimbi kufika ni jambo moja, mtu kupiga simu ni jingine.

Nyaya za baharini za mawasiliano ya kasi zilianza kutia nanga Dar es Salaam mwaka 2009, na miaka iliyofuata mkongo ukafukiwa kandokando ya barabara kuu hadi mikoani. Sehemu hiyo ilikwenda vizuri kuliko wengi walivyotarajia. Kazi ngumu ilibaki kati ya makao makuu ya wilaya na kijiji, na huko ndiko miradi mingi inayopangwa Tanzania huelekezwa.

Tarehe ya kukamilika mara nyingi hupangwa kwa kufuata bajeti, si kwa kufuata mvua. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Fedha zikichelewa kutolewa na zabuni ikichukua miezi kadhaa, mkandarasi hufika eneo la kazi vuli ikiwa imeanza. Akichimba misingi michache, Machi inaingia na masika yake, na lori lililobeba vyuma haliwezi kuvuka korongo mpaka Juni. Mkataba wa miezi tisa umekwisha. Hakuna aliyelala kazini. Kalenda yenyewe haikuacha nafasi.

Kujenga mnara kwenyewe hakuchukui muda mrefu. Shimo huchimbwa, nondo husukwa, zege humwagwa na kuachwa likomae, kwa kawaida siku 28, kisha vipande vya chuma hupandishwa na kufungwa boliti kimoja baada ya kingine. Kwa siku chache watoto huja kutazama mafundi wakiwa angani. Mnara ukisimama, picha hupigwa, na katika taarifa ya maendeleo ya mradi asilimia hupanda ghafla. Kwa mwanakijiji bado hakuna kilichobadilika: mtandao unashika palepale pa siku zote, kwenye kichuguu nyuma ya shule.

Kinachobaki ni vitu vidogo kwa macho. Umeme ndio wa kwanza. Gridi ikiwa mbali, mnara hutegemea sola na betri, au jenereta inayokula dizeli inayoletwa kutoka mjini. Betri zikichoka, huduma hukatika usiku, saa ambazo mama mjamzito akishikwa na uchungu simu ndiyo ya kuita gari. Cha pili ni kiungo kati ya mnara huo na mtandao mkuu: mnara unaoungwa kwa njia ndogo hupitisha sauti bila shida, lakini video ya darasani hukwama. Halafu kuna majengo ya umma. Mara kwa mara utaikuta zahanati iliyofikishiwa kebo: imezungushwa vizuri, imefungwa kwa waya juu ya dirisha la dawa, ncha yake imezibwa kwa plastiki ili vumbi lisiingie. Mkandarasi wa kebo alitimiza alichoandikiwa. Kifaa cha kuiunganisha kilikuwa kwenye zabuni nyingine, na bili ya kila mwezi haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Gharama nazo hukua, na si kila ongezeko ni wizi, ingawa wananchi wana haki ya kuuliza. Vifaa huagizwa nje na kulipiwa kwa dola. Shilingi ikishuka kati ya zabuni na manunuzi, bei hubadilika bila kitu kuongezwa. Upembuzi yakinifu uliofanywa miaka mitatu kabla huonyesha pori mahali ambapo sasa kuna mashamba, na fidia lazima ilipwe. Barabara ikipanuliwa, mkongo uliofukiwa kando yake hukatwa na greda, na hulazimu kuufukua na kuuhamisha. Ucheleweshaji wenyewe una bei: walinzi hulipwa, stoo hukodiwa, riba ya mkopo huendelea.

Kwamba mitambo kuwa tayari si mtu kupata huduma, utangazaji ulishatufundisha. Mkutano wa kimataifa wa Geneva mwaka 2006 uliweka Juni 2015 kuwa ukomo wa televisheni ya analojia kwa nchi nyingi. Tanzania ilianza kuizima Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, mapema kabisa. Kwa upande wa mitambo, ratiba iliheshimiwa. Kwa upande wa sebule, televisheni iliyokuwa ikionyesha bure ilihitaji king'amuzi, na aliyekosa fedha ya kukinunua alibaki na kioo cheusi. Kwenye simu pia, mwenye kitochi hapati chochote kwenye mnara wa 4G zaidi ya kupiga na kutuma ujumbe, na mwenye simujanja huhesabu bando kabla ya kuiwasha data.

Mikataba mingi huzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha uangalizi kiishe, mara nyingi miezi 12. Katika kipindi hicho hukaguliwa nyufa za msingi, kutu na uzio. Ningependa ukaguzi huo ufanyike pia saa mbili usiku, mwezi wa Aprili, kwa simu ya kawaida inayouzwa gulioni, nyumbani kwa mtu anayeishi ukingoni mwa ule mduara wa kwenye ramani. Mkandarasi atasema umeme si kazi yake, na kwa mkataba ulivyo sasa atakuwa sahihi. Basi umeme, kifaa cha zahanati na bili ya mwaka wa kwanza viandikwe katika mkataba uleule wenye mnara, hata kama bei ya mwanzo itaonekana kubwa zaidi mbele ya wanaoipitisha.