"Mti Wetu" au "Mtini Petu"? Sarufi ya Mahali Patakatifu

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo lake la utafiti. Alitaka kuchunguza jinsi washairi wetu wa leo wanavyotafuta utulivu wa roho katika maumbile. Katika ukurasa wa kwanza tu alikuwa ameandika "nafasi takatifu" mara saba. Nilichukua kalamu nyekundu, nikazikata zote saba, nikaandika pembeni: "mahali patakatifu". Kisha nikaenda zangu kunywa chai.

Kesho yake alibisha mlangoni.

"Prof, samahani. Mbona umenikosoa hapa? Nafasi na mahali si kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja, binti yangu. Nenda kaangalie kamusi."

Hilo lilikuwa jibu la mvivu, nami nilijua. Usiku ule usingizi ulinipaa, maana swali lake lilikuwa limegusa kidonda changu cha miaka mingi ambacho nitakieleza baadaye. Makala ya leo ni jibu ambalo nilistahili kumpa siku ile pale mlangoni.

Tuanze na "nafasi". Fungua kurasa za matangazo za gazeti lolote nawe utaziona: nafasi za kazi, nafasi za masomo. Nafasi hutangazwa, hugombewa, hujazwa, huisha. Makanga wa matatu akipaza sauti, "Nafasi ya mmoja! Nafasi ya mmoja!" hajali ni nani atakayeketi. Nafasi ni uwazi unaosubiri chochote kiingie. Mahali si hivyo. Mahali pana jina, pana kumbukumbu, na pana wenyewe, hata kama wenyewe hao walikwisha kufa.

Tofauti hii imeingia hadi katika sarufi. "Nafasi" imo katika ngeli ya I-ZI pamoja na sahani, kalamu na nyumba. Ni kitu miongoni mwa vitu. "Mahali" pana ngeli yake peke yake, ile ya PA-KU-MU. Na hapa pana jambo la kustaajabisha. Neno lenyewe "mahali" tulilikopa kutoka Kiarabu, ila ngeli hatukuikopa. Ilikuwapo tangu jadi. Wagĩkũyũ husema "handũ", Waganda "awantu", Wanyarwanda "ahantu". Tazama shina la maneno hayo, utaona ndilo lile lililomo katika "mtu" na "kitu" wetu. Yaani katika lugha za Kibantu mahali ni ndugu wa tatu, kando ya mtu na kitu. Si mtu, lakini si kitu pia. Kiswahili kiliazima neno la mgeni, kikalivika vazi la nyumbani: mahali *pa*zuri, mahali *pa*le, mahali *pa*takatifu.

Wanafunzi wa shule za upili hukariri kwamba PA ni mahali mahususi, KU ni mahali kusikodhihirika, na MU ni ndani ya kitu. Hukariri, hupita mtihani, husahau. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Wafu wetu tunasema wako "kuzimu", kwa KU, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi akatuonyesha kwa kidole. Siri tunaiweka "moyoni mwetu", kwa MU. Lakini pale ulipoketi na mama yako mara ya mwisho ni "pale", kwa PA, wala huwezi kupakosea hata gizani.

Sasa njoo kwenye kiambishi kidogo kuliko vyote, "-ni". Chukua nomino "mti". Tunasema "mti wetu", "mti mkubwa", "mti umekatwa". Ongeza "-ni" nawe utaona sentensi nzima ikigeuka: "mtini petu", "mtini pana kivuli", "mtini pametulia". Mti haujasogea hata hatua moja, lakini umeacha kuwa kitu, umekuwa mahali. Kitu kina mwenyewe na kina bei. Mahali pana wenyeji.

Hapo ndipo kidonda changu kilipo.

Kijijini kwetu, magharibi mwa Kenya, palikuwa na mkuyu mkubwa karibu na kijito. Nyanya yangu alikuwa akienda pale kila alasiri kusuka vikapu. Angeweza kusuka nyumbani, kivuli kilikuwapo, lakini alikwenda pale. Akifika hunyamaza kwanza, huugusa mti kwa kiganja, ndipo huketi. Sisi wajukuu tulikatazwa kuokota kuni pale, na ilikuwa mwiko kugombana pale. Waliokosana walipatanishwa pale. Sikumbuki hata siku moja nyanya akisema "mti". Kwa lugha yetu ya mama alisema sikuzote "mtini": twende mtini, nimetoka mtini, mtini leo kuna baridi.

Alifariki mwaka 1983. Mwaka 1997 ndugu zangu nami tulikaa kugawana shamba. Mpima ardhi akasema mkuyu umeangukia kwenye mpaka, kwa hiyo ni wetu sote; tuamue. Mbao zake hazina thamani kubwa, ni laini, haziwekeki. Basi akapatikana mtu wa tanuri la matofali aliyetaka kuni. Mazungumzo yalichukua chini ya saa moja, na yote yalikuwa ya "mti wetu": una ukubwa gani, utatoa mikokoteni mingapi, kila mmoja atapata ngapi. Nilikuwa na shahada ya uzamifu katika isimu. Nilikuwa nikifundisha ngeli ya PA-KU-MU kila mwaka. Nami nilitia saini.

Sikuwa wa kwanza. Wangari Maathai, katika kitabu chake cha maisha, *Unbowed*, kilichotoka mwaka 2006, anasimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo karibu na kwao Ihithe, Nyeri, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito alichokuwa akichezea. Aliporudi miaka mingi baadaye alikuta mwenye shamba mpya ameukata apande chai. Na sababu? Ulikuwa unachukua nafasi kubwa mno. Unaona, msomaji wangu? Nafasi! Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Maathai, mwanasayansi, alieleza kwamba mizizi ya miti ile hupenya chini sana na kuyasaidia maji kupanda juu. Mwiko wa mama yake ulikuwa umelinda chemchemi pasipo mtu kuandika ripoti yoyote.

Wenzetu wa pwani wameyahifadhi haya vizuri kuliko wengi wetu. Neno "kaya" Mtanzania hulitumia kwa maana ya watu wa nyumba moja, ndiyo maana sensa huhesabu kaya. Kwa Wamijikenda kaya ni nyumbani pia, lakini ni pale nyumbani pa kwanza: vijiji vilivyozungukwa na msitu, ambavyo vilianza kujengwa karne ya 16 na kuhamwa kabisa kufikia miaka ya 1940. Watu waliondoka, mahali pakabaki. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu hiyo ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Kaya Kinondo, kule Diani, msitu mdogo wa hekta 30 hivi. Kabla ya kuingia tulifungwa kaniki viunoni na kuelezwa miko: usichukue hata jani, usipige kelele, ukitaka kuukumbatia mti ukumbatie. Kijana mmoja aliuliza ukuta uko wapi. Hakukuwa na ukuta. Ukuta wa kaya ni miko.

Hapa ndipo neno "takatifu" linapojieleza lenyewe. Kitenzi ni "takata", yaani kuwa safi. "Takasa" ni kufanya safi. "Takatifu" ni sifa inayotokana na hali hiyo. Kwa hiyo mahali hapazaliwi patakatifu. Watu hupatakasa, kwa wanayoyatenda pale na kwa wanayojizuia kuyatenda. Waarabu nao wanalijua hilo: neno letu "haramu" linatoka katika mzizi uleule wa jina la msikiti wa Makka, Masjid al-Haram. Kilichokatazwa na kilichotukuzwa ni watoto wa tumbo moja.

Wakoloni pia walilijua. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo wakala kiapo cha kuwapinga Waingereza. Mwaka 1914 serikali iliilipua kaya hiyo kwa baruti. Huwezi kupoteza baruti kwa miti mitupu. Walielewa kwamba pale palikuwa na nguvu isiyokuwa kwingine.

Lakini je, wewe unayeishi Umoja au Kisumu mjini, usiye na kaya wala mkuyu, ufanyeje? Nadhani jibu limo katika kazi ya mikono na ya kalamu. Nyanya yangu hakuwa akisali tu pale, alikuwa akisuka. Mgiriama anayechonga kigango humpa marehemu mahali pa kukaa, na kigango kikisha kusimikwa hakisogezwi; watu wakihama, hukiacha pale pale. Ndiyo sababu wizi wa vigango ni msiba. Mwizi huling'oa "pale" la familia akalipeleka ng'ambo, nalo likawa kitu cha ngeli ya KI-VI, kigango kimoja katika kabati la makumbusho. Vingine vimeanza kurudi: mwaka 2007 viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani.

Ushairi nao hufanya kazi hiyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alisimama mbele ya magofu ya majumba ya Pate na kuusemesha moyo wake, ndipo tukapata *Al-Inkishafi*. Mwana Kupona, mwaka 1858, aliuanza utenzi wake kwa kumwita bintiye akaribie na wino na karatasi. Tungo zetu za kale hazikurupuki. Huanza kwa jina la Mungu, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Huo nao ni ujenzi wa mahali.

Najua wapo watakaosema, "Profesa sasa ametuletea ushirikina." Mimi ni mtu wa kanisa, na nyanya yangu alibatizwa. Kuheshimu mahali si kuuabudu mti. Waumini wa Legio Maria huenda kusali Kit Mikayi, kule Seme, na Waislamu wa pwani huzuru maziara ya wacha Mungu wao. Ni woga wa jambo tusilolielewa unaotufanya tuchanganye mambo, na woga huo una gharama. Katika kaunti za pwani wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na tamaa ya ardhi. Mzee anapouawa, miko yote aliyoibeba huzikwa naye.

Nilimwita tena mwanafunzi wangu, nikamweleza haya yote, hata habari ya saini yangu. Nilimwomba radhi kwa kumfukuza na kamusi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuhusu ploti anayokaa. Juu kabisa, kwenye paa la kuanikia nguo, karibu na tangi la maji, huenda kila alfajiri na daftari lake kabla majirani hawajaamka. Simu huiacha chumbani. Ana mche mmoja wa mrehani kwenye kopo la rangi. Huumwagilia kwanza, ndipo huandika.

"Kule juu hakuna kitu, Prof," alisema, kama anayejitetea. "Lakini pale ndipo ninapopumua."

Sikumsahihisha. Alikuwa ameanza na "kule" akamaliza na "pale" bila kujua, na ngeli nzima ilikuwa imo katika sentensi zile mbili.

Mimi nami, Desemba iliyopita, nilikwenda nyumbani na kijiti cha mkuyu nilichopewa na jirani, maana mkuyu hukubali kupandwa kwa kijiti. Nilikichimbia kando ya kijito. Ndugu yangu mkubwa alikuja akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Sasa huo ni mti wa nani?" akauliza. "Maana hapo ni mpakani."

Nilitaka kumpa mhadhara, nikajizuia. Nilimwomba anishikie jembe. Akalishika. Kijiti kimeshachipua, na kwa sasa bado ni mti tu, tena mdogo. "-ni" haipandwi kwa jembe. Itabidi mtu aende pale, kisha aende tena.

Wewe je, msomaji wangu? Pale pako ni wapi?