Sukari ya Mtoto Ikishuka

Mtoto wa shule anayedungwa insulini akikosa kula au akicheza sana, sukari yaweza kushuka ghafla. Utamwona akitoka jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa.

Mpime. Mashine ikisoma chini ya 4 (nyingine husoma chini ya 70), au kama huna mashine, usingoje. Koroga vijiko 3 vidogo vya sukari katika maji, anywe. Baada ya dakika 15 mpime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe uji au ugali.

Akizimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, umkimbize hospitali iliyo karibu. Hapa Eldoret tuna Hospitali ya Rufaa ya Moi.

Mwalimu wake pia ajue haya.