Mwaka wa Kujitolea Mbali na Nyumbani: Tuhesabu Gharama Kwanza



Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoukumba mji wa Katesh wilayani Hanang, watu wengi walitoa nguo, chakula na nguvu zao kuwasaidia waliopatwa na msiba. Kujitolea kwa siku chache namna hiyo kunahitaji moyo. Kujitolea kwa mwaka mzima kunahitaji moyo na hesabu pia. Hilo la hesabu sisi tulijifunza tukiwa tumeshachelewa.

Tulikuwa wauguzi wawili, kila mmoja akiwa na mume na watoto Moshi. Kanisa lilitafuta watu wa kuhudumu mwaka mmoja Nambis, huko Mbulu: kupima watoto kwenye kliniki ya kutembelea, kuwafundisha wajawazito, na kuwatazama wazee wasioweza kutoka nyumbani. Tungepewa chumba, mahindi na maharage. Mshahara haukuwapo. Waume zetu walikubali, mama wakwe walikubali, na usharika ukatuombea. Hakuna aliyeuliza, hata sisi wenyewe, ada ya shule itatoka wapi.

Basi la kwenda Mbulu hupita Arusha na Makuyuni, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Huko juu baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Wenyeji, ambao wengi ni Wairaqw, walitupokea vizuri. Tulijifunza kuamkia kwa kusema "saita", na bibi wasiojua Kiswahili walikuja na wajukuu wao wa kutafsiri. Kazi tuliipenda tangu wiki ya kwanza.

Kazi mbili, mwili mmoja

Mwezi wa tatu barua ya ada ilifika nyumbani. Tukatafuta kazi ya muda katika duka la dawa mjini. Tulipatana kwa mdomo: jioni tatu kwa wiki, saa nne kila jioni. Baada ya muda jioni zikawa tano, kisha ikaongezwa Jumamosi nzima. Mwenye duka hakutulazimisha. Aliomba, nasi tuliona haya kukataa, maana hapakuwa na karatasi iliyosema lolote.

Siku moja ya kliniki tulikuwa tumelala saa tatu tu, kwa sababu baada ya duka tuliitwa kwa mzazi. Watoto walikuwa wengi, wawili wakikohoa na kuhema kwa shida. Tuliwapima uzito, tukaandika, tukawapeleka kwa tabibu. Bibi mmoja akaikataa kadi tuliyompa. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba kadi ya mjukuu wake ilikuwa na doa la mafuta pembeni. Tulikuwa tumebadilisha kadi, na uzito wa mtoto mmoja ulikuwa umeandikwa kwa mwingine. Dawa ya nimonia hutolewa kwa kufuata uzito. Yule mdogo angepewa kipimo cha mkubwa, na yule mkubwa angepewa dawa isiyomtosha.

Tulimshukuru bibi yule, tukasahihisha, kazi ikaendelea. Usiku hatukulala kwa aibu.

Mwezi huohuo mmoja wetu alikwenda nyumbani kwa siku mbili. Mtoto wake wa mwisho alimpokea vizuri, akamletea kiti cha sebuleni na maji ya kunywa kwenye sahani, kama anavyofundishwa kuwafanyia wageni. Kisha akauliza, "Mama, unaondoka lini?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka tu kujua.

Tulivyotengeneza upya

Tuliketi na kuandika saa zetu zote. Kliniki na kutembelea wagonjwa zilikuwa saa 30 kwa wiki. Dukani saa 28. Jumla 58, bila kuhesabu usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Sheria hiyo inamlinda mwajiriwa, lakini mwili hauulizi kama saa hizi ni za mshahara au za sadaka. Unachoka vilevile.

Tukamwendea mchungaji na wazee wa kanisa, tukawaeleza yote, hata habari ya kadi. Tulidhani tutakemewa. Mzee mmoja alisema tu kwamba walipaswa kutuuliza habari za ada tangu mwanzo. Tukakubaliana hivi:

1. Dukani tungekwenda kwa zamu, mmoja wetu kila jioni, jioni tatu tu. Mapatano yaliandikwa na kutiwa sahihi.

2. Aliyeitwa usiku asingepima wala kuandika kesho yake asubuhi. Angepumzika.

3. Jumapili baada ya ibada ilikuwa siku ya kupumzika na kupiga simu nyumbani. Tuliongea na watoto kwanza, na mambo ya fedha baadaye.

4. Kila mmoja angekwenda nyumbani siku nne kila mwezi, wala si wakati wa dharura tu.

Fedha zilipungua. Mume wa mmoja wetu aliuza mbuzi wawili, na ada ya mwingine ililipwa kwa awamu. Mwezi Agosti mmoja wetu alirudi nyumbani kwa wiki sita kukaa na binti aliyejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba, nasi tukapunguza siku za kliniki. Wapo walionung'unika. Lakini mwaka tuliumaliza, na kadi za watoto hazikubadilishwa tena.

Kwako wewe unayefikiri kwenda

Dada mpendwa, huenda si wewe bali ni binti yako. Vijana wengi waliomaliza vyuo vya uuguzi hujitolea vituoni wakisubiri ajira, na jioni hufanya vibarua ili wapate nauli na chakula. Mama, usimsifu tu kwa bidii yake. Muulize analala saa ngapi. Muulize kama mapatano yake yameandikwa, na kama leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ni hai, maana wagonjwa wanahudumiwa na muuguzi yuleyule, awe analipwa au anajitolea.

Bwana wetu alifundisha habari za mtu aliyetaka kujenga mnara, kwamba heri aketi kwanza na kupiga hesabu. Sisi tulikuwa tumelisikia fundisho hilo mara nyingi kanisani. Hatukudhani kwamba linahusu pia ada ya shule, nauli ya basi na saa za kulala.

Ketini basi na waume zenu, na watoto nao wawepo. Chukueni karatasi na kalamu. Andikeni saa, fedha, na siku za kuwa nyumbani. Mkiona hesabu haitoshi mwaka huu, mwakani bado upo, na bado kutakuwa na watoto wa kupimwa.