Kwale ni ya nani?

Ukiuliza, utajibiwa haraka: Wadigo na Waduruma. Kweli, hao ndio wengi kati ya watu 866,820 waliohesabiwa 2019. Lakini shuka Vanga, Shimoni na Wasini, utawakuta Wavumba, Wasegeju na Wapemba. Shimba Hills, Wakamba wamejaa.

Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Walitambuliwa kuwa kabila la 43 mwaka 2017. Wapemba, wavuvi tunaokula samaki wao kila siku, wakangoja hadi 2023. Kabla ya hapo mtu alizaliwa hapa, babake alizaliwa hapa, na kitambulisho hana: hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, hapigi kura. Akiingia baharini, anawaogopa askari kuliko mawimbi.