Gunia la Kilo 90 na Umri wa Shokomzoba

Msimu wa kuvuna mahindi, pikipiki zinazoingia Kitale kutoka Endebess na Saboti hutambulika kwa mkao wake: nyuma zimechuchumaa, mbele taa inaangalia matawi ya miti. Gunia moja la mahindi lina kilo 90. Yakipangwa mawili, ukijumlisha na dereva, chombo kilichoundwa kubeba watu wawili kimetwishwa kilo 240 na ushee.

Sehemu kubwa ya mzigo huo huzilalia shokomzoba mbili za nyuma. Springi ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayosifiwa na kulaumiwa. Kazi ya kutuliza mtikiso iko ndani: mafuta husukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, yakaizuia springi isirushe ovyo, na nguvu ya mtikiso ikageuka joto. Ndiyo maana baada ya safari ndefu ya mashimo, shokomzoba huwa ya moto ukiigusa. Mafuta yakichakaa au yakivuja, springi hubaki peke yake, nayo haijui lingine ila kurusha.

Basi shokomzoba huishi muda gani? Kadirio linalotajwa sana ni kilomita 30,000 hadi 50,000, na mafuta ya foki, yaani shokomzoba za mbele, hubadilishwa kila kilomita 20,000 hivi. Kwa mwalimu anayekwenda shuleni na kurudi, hiyo ni miaka kadhaa. Bodaboda inayozunguka kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha 30,000 kabla mwaka haujaisha, tena na abiria mgongoni. Kuhesabu kwa kalenda hapo ni kujidanganya.

Kwa pikipiki za Bungoma kuna adui mwingine: tope. Barabara kuu ya A1 kutoka Webuye kwenda Kitale ni ya lami. Taabu huanza ukiiacha, kuelekea kwenye mashamba ya miwa ya Nzoia. Tope likikauka juu ya bomba la foki huwa kama msasa, na kila foki inapozama hukwaruza sili inayozuia mafuta. Utando wa mafuta ukionekana kwenye bomba, sili imekwisha. Kama bomba halijaliwa na kutu, sili mpya na mafuta mapya hutosha, hakuna haja ya kununua foki nzima. Kuahirisha ndiko ghali, maana mafuta hayo yakifika kwenye breki ya mbele, breki haishiki.

Wapo wanaokaza springi za nyuma hadi mwisho wakidhani wametibu. Wameinua kiti tu. Mafuta yaliyochakaa hayajabadilika.

Kipimo ni cha bure. Bonyeza kiti kwa nguvu, uachie. Kikipanda mara moja na kutulia, shokomzoba ni nzima. Kikiendelea kuchezacheza, au pikipiki ikiyumba kwenye kona, au tairi likilika kwa mabaka, wakati umefika. Za nyuma hubadilishwa zote mbili. Mpya ikifungwa kando ya kuukuu, upande mmoja hubeba kazi ya mwenzake.

Foki ni bora zifunguliwe kabla ya mvua za Machi. Mafuta mazuri huwa na rangi angavu. Yaliyosahauliwa humwagika ya kijivu, yakinuka kama samaki aliyelala.